Maksai Wawili na Vigingi vya Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alikuja na vigingi kabla ya kuja na salamu. Nilikuwa nimeinama katika kiwanja changu, kule nyuma ya Kawempe ambako mji unateremka kuelekea mafunjo, nang'oa nyasi kwa mkono, nikasikia nyundo. Kugeuka namwona na shati lake la kazini la chuo cha Kyambogo, yuko na mpimaji, wanapigilia miti ardhini na kuvuta kamba. Nikamwuliza wanamzika nani.

Akacheka. "Mama, hapa itatoka mizigo mizuri sana."

Asiyeijua Kampala aelewe: muzigo ni chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja na dirisha moja, vyumba vimeshikana mgongo kama mabehewa, choo kiko mwisho. Kila mtu aliyepata kipande cha ardhi baada ya vita alijenga mizigo. Mwanangu hakuwa na ubaya. Aliniona tangu baba yake afariki nikibeba magunia ya unga soko la Nakawa, magoti yakalia kama bawaba, akataka nikae kwenye kiti ningoje wapangaji waje kunilipa. Lakini mimi sikuzaliwa kukaa kwenye kiti. Nikamwambia kiwanja hiki ni cha wimbi, ule ulezi wa uji. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mama yake anataka kuolewa upya.

Nijieleze kidogo, maana wapo watakaosema huyu bibi kasoma wapi hata aandike. Nilifika darasa la tatu. Mwalimu wetu alihama, na mimi nikahama. Natoka mashariki, ambako hata maskini alikuwa na maksai wawili na plau yake, na mtoto alijua kulima kwa ng'ombe kabla ya kujua kufunga vifungo. Niliolewa na askari polisi akanileta Kampala, nikaishi kambini, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko, kwenye foleni ya maji, kwa wanawake wa makabila yote. Kiwanja tulikinunua kwa kiinua mgongo cha mume wangu na kwa unga wangu. Hakuna aliyenipa kitu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuja na nyundo.

Kilichonitia wazimu wa wimbi ni mwanamke mmoja wa Kenya, Mkristo mkali, tuliyekuwa tumepakana naye vibanda pale Nakawa. Alikuwa akisaga unga wa uji wa watoto wachanga. Kila mara alinililia kuhusu wimbi la sokoni: limejaa mchanga, na linanuka ile dawa nyeupe ya wadudu ambayo wafanyabiashara humwagia nafaka kama chumvi, kisha wakafuta mikono kwenye suruali wakala chapati. Siku moja akaniambia, "Dada, ukinipatia wimbi ambalo halijaguswa na dawa kutoka mbegu mpaka gunia, mimi nachukua lote, kila msimu." Siku hizi hiyo wanaiita kilimo hai, wanaifanyia semina. Mama yangu alilima hivyo maisha yake yote na hakuna aliyempa hata soda.

Mwanangu akaita ndugu zake kikao cha Jumapili. Walisema mengi, na yote yalianza na neno "tunakupenda". Mwishoni tukakata hivi: msimu mmoja. Mwanamke wa uji akichukua wimbi langu, ardhi ni yangu mpaka nizikwe. Akilikataa, mizigo inajengwa na mimi sifungui mdomo. Nikakubali. Sikubali kuomba nilichonacho, lakini kushindana nakubali.

"Na vigingi?" nikamwuliza.

"Vibaki palepale, Mama."

"Vibaki," nikasema. "Usivipoteze hata kimoja."

Sasa nikaingia mjini kuchagua vyombo, na hapa ndipo nilipojua kwamba mzee akiwa na uamuzi, kila mtu anageuka kuwa mwalimu wake. Duka la kwanza, kabla sijamaliza kusema shamba, muuzaji aliniletea bomba la kupulizia dawa, la mgongoni. Akasema shamba linaanzia hapo. Nikamwambia langu halianzii hapo. Akaenda kuleta dogo zaidi, akidhani naogopa uzito. Nikamwambia hata likiwa dogo kama kijiko. Akaniuliza basi magugu nitayafanyaje. Nikasema nitayafanya yalivyofanywa kabla hujazaliwa. Nilitoka pale nikisikia anawaeleza wenzake kwamba bibi amechanganyikiwa.

Duka la pili lilikuwa upande wa viwanda, Nakawa, kijana wa tai, sakafu inateleza. Hapo mwanangu alinisindikiza, maana yeye alitaka, kama kulima ni lazima, basi angalau ninunue katrekta ka kusukuma kwa mikono. Kweli kalikuwa kazuri, kekundu, kanang'aa. Nikakashika usukani. Nikamwuliza kijana wa tai, chuma hiki kikikatika hapa nitakipata wapi? Akasema kinaagizwa. Kutoka wapi? Akataja nchi. Nikamwuliza wimbi litangoja ndani ya ardhi mpaka meli ifike? Mwanangu akatazama dari. Baadaye njiani akaniambia nimemwaibisha. Nikamwambia aibu ni kununua kitu ambacho fundi wa jirani yako hawezi kukifungua.

Sheria yangu ilikuwa hiyo tu, na mpaka leo nampa yeyote anayeanza: usinunue chombo ambacho kikifa, kinakufia na msimu.

Nikaenda Kawempe kwa mafundi wa chuma, kutafuta mtu wa kunichongea plau. Kwenye ua wa fundi mmoja kulikuwa na rundo la chuma chakavu, na chini ya rundo nikaona mikono miwili ya mbao iliyolainika kwa kushikwa. Nikasogea. Zilikuwa plau. Si moja. Zimelala moja juu ya nyingine, nyingine zina kutu, nyingine bado zina udongo wa kwetu, ule mwekundu wenye changarawe, kwenye bolti. Nilijua mara moja. Miaka ile baada ya vita wezi wa ng'ombe walipita kwetu mashariki wakafagia mazizi, usibaki hata mkia. Ndugu zangu wakarudi kwenye jembe la mkono kama watu wazima waliorudishwa darasa la kwanza. Na plau isiyo na maksai ni chuma tu, watu wakaziuza kwa mizani.

Nikamwuliza fundi anazifanyia nini. Akasema, "Mageti, Mama. Na vyuma vya madirisha ya mizigo."

Nilikaa juu ya tairi kidogo. Sikulia, wala sitaki mtu aandike kwamba nililia. Kisha nikasimama nikaanza kuzivuta moja moja. Nikachagua ile ambayo mti wake wa chuma haujapinda, nikaigonga kwa jiwe nikasikiliza kama ina ufa, nikatazama kama gurudumu linazunguka. Ncha inayopasua udongo ilikuwa imekwisha. Fundi akanitengenezea nyingine kwa springi ya lori, na akanitolea kijembe cha kupalilia cha kukokotwa kutoka vipande vya plau mbili nyingine. Alitaka kukipaka rangi. Nikamwambia rangi apake mageti.

Nira nilichongesha mbili, za mti mwepesi. Watu wengi wanachonga moja halafu wanashangaa. Nira fupi ni ya kulimia, maksai wanatembea bega kwa bega. Nira ndefu ni ya kupalilia, ili kila mmoja apite njia yake na miche ibaki katikati bila kukanyagwa.

Maksai wenyewe nilipata mmoja wa kwetu, mwekundu, aliyejua kazi, na mwingine mwenye mabaka kutoka kaskazini, asiyejua kitu. Huyu alizoea lugha yake na yule lugha yake. Nikafanya kama kambi ilivyotufanya sisi: nikawapa Kiswahili wote wawili. Twende. Simama. Geuka. Rudi nyuma. Wa kuwaongoza mbele alikuwa shemeji yangu. Namwita shemeji ingawa si ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, polisi mstaafu, mguu mmoja mzito, sauti ya paredi. Plau nilishika mimi. Kwetu mwanamke kushika plau ni jambo la kusemwa, na shemeji alinikumbusha hilo asubuhi ya kwanza. Nikamwambia basi ashike yeye, na mimi niongoze. Akautazama mguu wake, akautazama udongo, akaenda mbele ya maksai.

Majirani walikuja kutazama. Huku watu wanalima kwa jembe la mkono, na ng'ombe ni wa maziwa na heshima. Kumfunga mti shingoni walikuona ni kumtukana. Mzee mmoja Mganda, ambaye kahawa yake imepakana na kiwanja changu, alisimama kwenye mpaka na fimbo yake, akamsikiliza shemeji akipiga amri. Kisha akaniita kwa adabu sana.

"Nnyabo, hii ngombe yako naelewa Kiswahili?"

"Inaelewa, ssebo."

"Sisi nafikili selikali imeludi."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa ilinichoma, maana Kampala Kiswahili kilikuwa bado ni lugha ya mtu anayekugongea mlango kwa kitako cha bunduki. Nikamjibu kwamba safari hii serikali imekuja kulima, na asiyetaka kulimiwa aseme. Mkewe aliniletea ndizi jioni hiyo.

Mahali pamoja mwanangu alinishinda, nami nitalisema kwa sababu siogopi kusema. Nilitaka kumwaga mbegu kwa mkono, kama mama yangu, kwa kutembea na kurusha. Akaniuliza, kijembe chako cha kupalilia kitapita wapi ikiwa wimbi limeota kila mahali? Nilikuwa nimenunua chombo cha mistari na kichwa changu bado kinarusha. Kisha wimbi changa lina gugu lake linalofanana nalo kama pacha. Lisipokuwa kwenye mstari, huwezi kujua yupi ni mwana na yupi ni mgeni. Akaja Jumamosi na kamba yake ileile ya kupimia vyumba, tukaivuta kutoka kigingi hadi kigingi, tukapanda kwa mstari. Nikamwambia vigingi vyako vimepata kazi. Akasema havijaacha kazi yake ya kwanza.

Nilichopanga kuwekea nafaka ni mapipa ya chuma. Kawempe yapo mengi, lakini muuza mapipa hakwambii pipa lilibeba nini. Niliyafungua, nikatia maji ya moto, nikafunika, nikaondoka kunywa chai, nikarudi kunusa. Mengi yalinuka mambo ambayo sitaki kuyajua. Mawili yalinuka mafuta ya kupikia. Nikachukua hayo. Muuzaji alisema hajawahi kuona mteja anayelamba pipa. Sikulamba, nilinusa tu, lakini habari ikaenda hivyo.

Wimbi likaota, tukalipalilia kwa nira ndefu, likasimama. Nawaambia ukweli, lilikuwa zuri. Ngumi za masuke zilifunga kama mikono ya watoto wanaoficha peremende. Mwanamke wa uji alikuja akatembea katikati ya mistari bila viatu, akaimba wimbo wa kanisani kwake kimoyomoyo, akasema atakuja na gari baada ya kupura.

Tukakata. Masuke yote yakawa juu ya turubai, yameanikwa. Na hapo, kabla hata fimbo ya kwanza haijapigwa, mawingu yakasimama upande wa ziwa, meusi, ya kweli. Sijasogea, mara naona pikapu inarukaruka kwenye njia ya kahawa. Mwanangu ndani. Nyuma amefunga mashine ya kupura, ya injini, aliyoiazima kwa rafiki yake mwenye mahindi. Alikuwa amekimbia kutoka kazini. Akashuka akisema, "Mama, tunamaliza kabla ya tone la kwanza."

Nilimpenda saa ile. Lakini nikaenda kwenye mashine, nikaingiza mkono tumboni mwake, kwenye kona chini ya ungo wake, nikautoa. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe. Sikuhitaji kunusa, ila nilinusa, na nikampa naye anuse. Ile dawa ya wadudu. Rafiki yake alikuwa akipura mahindi ya mwaka jana yaliyokaa ghalani.

"Tutaiosha," akasema.

"Utaoshaje tumbo lenye kona zote hizi, na mvua ile pale?"

"Kidogo hivi hakuna atakayejua."

"Mimi ninajua."

"Mama, mvua ikinyesha hapa yataoza yote. Hutashindwa na mimi. Utakuwa umeshindwa mwenyewe."

"Nishindwe na mvua," nikamwambia, "hiyo haina mikono. Washa mashine yako hapa na mimi nitakaa juu ya masuke."

Nikakaa kweli, katikati ya turubai, miguu nimenyoosha. Shemeji akasimama karibu nami kama askari wa zamu ya benki. Mwanangu alinitazama, akatazama mawingu, akazima injini ya pikapu. Nilidhani ataondoka. Akavua shati la Kyambogo, akalitundika kwenye pembe ya nira, akauliza, "Tunayapeleka wapi?"

Kwenye kiwanja nilikuwa na nyumba yangu ya chumba kimoja, mabati na udongo. Kitanda kilitoka. Mzee wa kahawa, yule wa serikali imerudi, alikipokea mlangoni kwake bila kuuliza, na watu wa kwake wakaja na vikapu. Tulijaza chumba kile mpaka dirishani. Mlango ulipofungwa mvua ikapiga bati kama inatutafuta.

Sikuhuzunika. Mwanangu alihuzunika kwa niaba yangu. Kwetu masuke hayapurwi siku ya kukatwa. Mama yangu aliyalaza kwa lundo, akayafunika majani, yakapata joto lao, yakalainika, na punje zikaachia bila kupigwa sana. Kwa hiyo nikamwambia mvua imenipa tu ratiba ya mama yangu. Ila mama yangu alilaza lundo la kimo cha goti. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na shamba zima ndani yake. Nilipofungua mlango, mvua ilipokatika na jua kurudi, harufu iliyotoka ilimfanya shemeji atabasamu. Ilikuwa harufu ya pombe. Masuke ya juu na ya pembeni yalikuwa sawa, laini, yananukia mkate. Ya katikati yalikuwa yameungua kwa joto lao, punje zimekuwa nyeusi kidogo.

Tukapura kwa fimbo juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa sababu mchanga ndio adui wa mtoto. Tukapeta kwa upepo wa asubuhi. Ya katikati nikayatia magunia yao peke yao.

Siku ya mwanamke wa uji, mwanangu alikuja na ndugu zake wote, wamevaa vizuri kama wanakwenda mahakamani. Sikuficha gunia hata moja. Nikayapanga yote mbele ya mlango, mazuri na meusi. Yeye alileta bakuli lake. Akatia wimbi, akatia maji, akazungusha, akamwaga polepole, akatazama chini ya bakuli kama mtu anayetafuta pete. Hakukuwa na mchanga. Akatafuna punje. Akanusa. Akafanya hivyo kwa kila gunia.

Kwenye magunia ya katikati akasimama.

"Dada, hii uliilaza sana."

"Niliilaza sana."

"Hii ni ya wazee na mirija yao ya pombe. Simpi mtoto wa mtu." Akayasukuma kando kwa mguu, kwa heshima lakini kwa mguu. Kisha akawageukia vijana wa gari. "Mengine pakieni."

Mwanangu mdogo, ambaye siku zote alitaka mizigo kuliko wote, akasema, "Basi amekataa."

"Amekataa hayo," nikasema. "Kikao chenu kilisema akichukua. Hebu tazama gari."

"Kikao kilisema wimbi lako, Mama. Lote."

Mwanamke wa uji akajifuta mikono kwenye leso. "Nyinyi mnagombana juu ya nini? Mimi nataka na msimu ujao. Na huyu mama asiponilimia, nyinyi mtanilimia?"

Wote wakamtazama mkubwa wao, kwa kuwa kikao kilikuwa chake. Yeye alikuwa amechuchumaa kando ya gunia jeusi, anachekecha punje kwenye kiganja. Akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kambini alikozaliwa, "Amechukua. Yameisha."

Yale meusi yalikwenda kwa wanawake wa pombe ya wimbi, na shemeji akatangulia nayo kuhakikisha yamefika.

Mtu akinipitia leo huuliza mbona shamba lina miti iliyopigiliwa kwa mstari kama msingi wa nyumba isiyojengwa. Ni vigingi vya mwanangu. Sikung'oa hata kimoja, tulikubaliana vibaki. Mchana ukiwa mkali hufungia maksai pale, mwekundu kwenye kilichokuwa mlango wa chumba cha kwanza, wa mabaka kwenye cha pili. Wakati wa kupanda mwanangu huja na kamba, tunavuta kutoka kimoja hadi kingine. Safari iliyopita alivuta ikalegea, nikamwambia akaze, akasema imekaza, nikamwambia akaze.

Akakaza.